Sista Taratibu na Kosa la "Tulifanya"

Kama kuna mtu aliyefundwa asijisifu, akafundwa akaiva, basi ni Sista Taratibu. Nyumbani kwao mama yake hakutaka kabisa kusikia neno "mimi". Mtoto akija mbio kusema, "Mama, mimi nimefagia uwanja," hapo hapo anakatwa maneno: "Mbuzi ndiye anayepita akilia mee mee ili watu wajue yupo. Sema tumefagia." Hata kama kafagia peke yake na nduguze wamelala fofofo, ni tumefagia. Ukibisha, unaongezwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi akakua hivyo, akawa muuguzi hivyo. Akivunja kipimajoto alisema, "Nimevunja." Mgonjwa akiinuka kitandani baada ya yeye kumgeuza na kumnyoosha viungo mwezi mzima, alisema, "Tumemwinua." Makosa yalikuwa yake peke yake, mema yalikuwa ya wote. Na wote, wallahi, walikuwa wepesi kuyapokea.

Jina la Taratibu alipewa na wagonjwa. Wodi yake ilikuwa ya watu waliopigwa na kiharusi, watu wazima waliolala jana wakiwa wazima na kuamka mkono haushiki na mdomo umekwenda upande. Yeye aliwashika kwapani na kuwaambia, "Taratibu, baba. Taratibu, mama. Hakuna anayetufukuza." Wodi yenyewe ilikuwa na vitanda vya chuma vilivyopakwa rangi juu ya rangi, na toroli la dawa lenye gurudumu moja linalopiga kelele, hata ukiwa mwisho wa korido unajua dawa zinakuja.

Humo ndimo alimolazwa mzee mmoja, dereva mstaafu wa mabasi, ambaye wenzake walimwita Mzee Breki. Kiharusi kilimwachia akili zake zote, kikamnyang'anya maneno. Binti yake alikuja kila siku na chupa ya uji, akakaa, akamwomba, "Baba, niite jina langu." Mzee alimtazama, machozi yakamlengalenga, midomo ikahangaika kama samaki nchi kavu, na sauti isitoke.

Asubuhi moja Sista Taratibu alikuwa akitandika shuka. Kwa mazoea tu akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu Mzee Breki, waziwazi, kama mtu aliyekaa barazani kwake.

Binti yake nusura aiangushe chupa. "Baba! Sema tena! Sema marahaba!"

Mzee akajaribu mpaka jasho likamtoka. Wapi. Sista akasema tena, "Shikamoo," na neno likaja lenyewe, bila taabu. Akiamkiwa, analo. Akiambiwa alitoe mwenyewe, hana.

Mtu mwingine angecheka akaenda kunywa chai. Sista Taratibu hakulala vizuri tena tangu siku hiyo. Alianza kuwaamkia wagonjwa wote kwa kila namna. Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyejibu "sijambo" vizuri kabisa lakini hakuweza kumwanza mtu kwa "hujambo" hata umshike mkono. Wengine walikuwa kinyume chake, akawatenga makundi mawili. Alipomaliza zamu alibaki, akaomba ruhusa kwa ndugu wa wagonjwa, akawarekodi kwa simu yake. Shahada ya uzamili alikuwa ameshaipata kwa kusoma na huku anafanya kazi, kwa hiyo alijua jinsi ya kuuliza jambo likaulizika. Na swali lake lilikuwa hili: je, katika ubongo, mahali pa kujibu ni pengine na mahali pa kuanza ni pengine?

Ndipo chuo kikuu kilipotangaza nafasi ya uzamivu katika sayansi ya ubongo na neva. Nafasi ilikuwa moja tu. Mfadhili angelipa kila kitu: ada, posho, vifaa, hata mashine ya kuupiga ubongo picha mtu akiwa anazungumza, mashine ambayo Sista alikuwa ameiona vitabuni tu. Sharti lilikuwa mwombaji awe hajafika miaka arobaini. Yeye alikuwa na thelathini na tisa. Akikosa mwaka huu, mlango unafungwa, na swali lake anakwenda nalo kaburini.

Mume wake alikuwa seremala, mtu wa mzaha asiyeujua ubongo hata kidogo. Alimfanyisha mazoezi ya usaili pale karakana. Alijiweka nyuma ya meza ya kazi, penseli sikioni, akakunja uso kiprofesa.

"Wewe mama, ubongo una misumari mingapi?"

"Acha utani, baba nanihii. Uliza vizuri."

"Haya. Tueleze utafiti wako."

Akaeleza. Tulianza hivi, tukarekodi vile, tukagundua hivi. Seremala akatoa penseli sikioni.

"Tuli, tuli, tuli nani? Mimi niliwahi kuja huko wodini?"

"Ndivyo wanavyosema watu wenye adabu."

"Sawa, mama adabu," akasema, na akarudi kwenye randa yake. Baadaye alijilaumu kwamba hakulishikilia lile neno, lakini kweli seremala angejuaje?

Usaili ulifanyika katika chumba chenye meza ndefu na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa profesa, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo. Kando yake mjumbe wa mfadhili. Na mwisho wa meza, kwa niaba ya hospitali, alikaa Daktari Bingwa, mkuu wa wodi ile ile ya Sista. Sista alipomwona, moyo ulimtulia. Huyu anajua. Huyu ndiye aliyetia saini kibali cha utafiti, na siku moja akipita wodini aliuliza, "Enhe, wale watu wako wa salamu wanaendeleaje?" Hilo tu ndilo alilochangia, kalamu na swali moja, lakini angalau anajua.

Sista akaeleza vizuri, kwa sauti yake ndogo. Wajumbe wakainama mbele kumsikiliza. Mjumbe wa mfadhili hata aliacha kunywa maji. Kisha profesa akauliza:

"Mnasema mliona tofauti kati ya kujibu na kuanza. Nani aliiona kwanza?"

"Tuliiona pale wodini, profesa."

"Na wazo la kuwatenga wagonjwa makundi mawili lilikuwa la nani?"

Hapo ndipo. Mkubwa wake amekaa palepale. Mtu aliyefundwa na mama yule atasemaje mbele ya mkubwa wake kwamba wazo ni langu? Sista akamtupia jicho Daktari Bingwa, kama mtu anayempisha mkubwa mlangoni, akitarajia mkubwa naye aseme, hapana, tangulia wewe.

"Lilikuwa letu sote," akasema.

Daktari Bingwa akachezea kifuniko cha kalamu yake. Akatabasamu. "Ni kweli," akasema. "Wodi yetu inaamini sana ushirikiano."

Akapita mlangoni, na mlango akaufunga.

Jibu lilikuja kwa simu, Sista akiwa chumba cha chai na wauguzi wenzake. Profesa alikuwa na upole, na upole ule ndio uliochoma. Utafiti, alisema, ni mzuri mno, kamati haijasikia kama huo. Ila haikuona mchango wa Sista mwenyewe. Nafasi amepewa mwombaji mwingine, na ili swali lile lisiachwe, mwombaji huyo ataliendeleza chini ya Daktari Bingwa. Wangeshukuru sana Sista akimkabidhi zile rekodi.

Sista alikata simu akakaa. Wenzake wakamzunguka.

"Vipi, Sista?"

"Kazi imepata nafasi," akasema. "Mimi nimekosa."

"Kazi gani imepata bila mtu? Kwani kazi ina miguu?" akauliza muuguzi wa zamu ya jioni, mwanamke mnene asiyeogopa mtu. "Umeliwa, shoga yangu. Umeliwa na mifupa ikatafunwa. Na wewe umekaa unakoroga chai!"

Kweli alikuwa akikoroga, na kikombe hakikuwa na sukari. Akakiweka chini. Kitu kilichokuwa kimelala kifuani mwake tangu enzi za kufagia uwanja kikaamka na kusimama wima. Alitoka, akaenda moja kwa moja hadi ofisini kwa Daktari Bingwa. Aligonga mlango, kwa sababu mkono ulikuwa na mazoea ya kugonga, lakini hakungoja aambiwe ingia.

Daktari Bingwa alikuwa akimenya karanga juu ya gazeti.

"Aa, Sista wetu! Pole sana. Ndiyo dunia. Lakini usihuzunike, kazi yetu itaendelea."

"Kazi yenu wewe na nani, Daktari?"

"Si sisi sote? Mbona ulisema mwenyewe mbele ya watu?"

"Nilisema kwa kukuheshimu. Wewe ulinyamaza kwa kumheshimu nani?"

Karanga ikakwama katikati ya vidole. "Sista, ningesemaje? Ningeonekana nakupigia debe."

"Sikutaka debe. Uliulizwa jambo unalolijua."

"Hata hivyo, tuseme nilisaidia kwa mawazo."

"Wazo lipi?"

Daktari Bingwa akalitafuta darini. Akalitafuta dirishani. Kisha akatumia silaha ya mwisho ya wakubwa: "Nimeshangaa, Sista. Wewe si mtu wa hasira. Wewe ni mtu wa adabu."

Laiti asingelisema. Sista Taratibu, ambaye wodi nzima haijawahi kumsikia akipaza sauti, alipaza, mpaka gurudumu la toroli huko koridoni likanyamaza.

"Adabu yangu ndiyo kamba uliyonifungia! Chukua simu. Mpigie profesa. Sasa hivi, na mimi nikisikia."

Nani anajua kwa nini alitii. Labda ni haya, labda ni ule mlango uliokuwa wazi na wauguzi waliojaa nje wakijifanya wanahesabu mashuka. Akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Profesa, samahani. Kuhusu Sista wetu, kuna jambo hatukulifafanua..."

"Hukulifafanua," akasema Sista.

Daktari Bingwa akajirekebisha. "Sikulifafanua. Utafiti ule aliufanya yeye. Wazo lake, wagonjwa aliwapima yeye, rekodi zake."

Kisha profesa akasema, kwa sauti iliyopoteza upole wote, "Na wewe ulikuwa umekaa palepale mezani." Akavuta pumzi. "Sista, upo hapo? Kwa nini wewe mwenyewe hukusema?"

"Nilijibu kama nilivyofunzwa kujibu watu wazima, profesa. Nilisema tulifanya. Katika tulifanya mimi nimo. Mbona mlipolipasua neno hilo mlinitoa mimi mkambakiza yeye? Yeye hakusema alifanya. Mimi sikusema sikufanya. Nani aliwaambia kwamba tukiwa wawili, mwenye akili ni huyo?"

"Hilo," akasema profesa taratibu, "ni swali zuri."

"Si swali. Ni lawama."

Profesa akaahidi kuiitisha kamati upya. Daktari Bingwa akaweka simu chini, akajipangusa, akajaribu kucheka. "Haya, tumeyamaliza kiutu uzima. Sasa niambie hata asante basi."

Neno lilimpanda Sista mpaka kooni, maana halikuwahi kukataa kuja maisha yake yote. Akalimeza. Akatoka.

Habari zilimfika mama yake kabla ya jioni, maana habari za namna hiyo zina mbawa. Bibi kizee alikuja mwenyewe, fimbo mbele, akakaa kwenye kiti cha karakana kilichokuwa bado hakijapigwa msasa.

"Nasikia umemfokea daktari mbele ya watu."

"Ndiyo, mama. Nimemfokea."

Seremala alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Ulisema 'mimi'?"

"Nilisema."

Mama akakwaruza sakafu kwa ncha ya fimbo. "Nilikufunza hivyo ili ndugu zako wasikuonee wivu," akasema mwishowe. "Ulikuwa hodari kuliko wote, niliogopa wangekuchukia. Sikujua kwamba huko nje kuna watu wazima wanaookota vitu vya watoto wa watu." Halafu akamgeukia mkwewe kwa ukali: "Na wewe toka huko chini, unatafuta nini, ubongo?"

Kamati ilikutana tena, na uamuzi wake ulikuwa wa kikamati. Yule mwombaji aliyepewa nafasi atabaki nayo, maana jina limeshafika kwa mfadhili, ila atafute swali lake mwenyewe. La salamu ni la Sista, na hakuna atakayeligusa. Na kwa kuwa kasoro ilikuwa ya kamati, Sista ataruhusiwa kuomba tena mwakani, hata kama umri utakuwa umepita. Kuomba, si kupewa. Daktari Bingwa hakuguswa hata na upepo. Aliombwa tu, kwa maneno mazuri, awe makini zaidi.

Watu wakaja kumpongeza Sista Taratibu kana kwamba ameoza mtoto wake. Muuguzi wa zamu ya jioni pia alikuja, amechangamka.

"Shukuru, shoga yangu. Si haba. Umepata nusu."

"Nusu ya nini?" Sista akauliza. Alikuwa akimgeuza Mzee Breki ubavu wa pili, mikono yake ikienda polepole kama kawaida, ila uso wake haukuwa na upole. "Swali lilikuwa langu, wakanirudishia swali langu. Mwaka umekwenda, haukurudi. Wewe mtu akikuibia kuku, kesho akakuletea kuku wako yule yule amenyonyoka manyoya, utampigia makofi?"

"Aa, sasa..."

"Shika mguu huo. Taratibu. Mwakani nitakwenda, na nitasema nilifanya, nilirekodi, niligundua, mpaka wao wenyewe wazibe masikio. Lakini asante yangu wasiingoje."