Kilichokatwa kwenye wasifu wa Mama Mabula

Siamini bado kwamba Alhamisi tumemzika Mama Mabula kule Kisesa, na maisha yake yote yakasomwa kwa dakika tatu.

Alizaliwa Bujora, alifanya kazi kiwanda cha nguo Nyakato, ameacha watoto watano na wajukuu. Basi. Ile miaka yake thelathini na zaidi ya taichi haikutajwa hata kwa neno moja.

Najua ilikuwemo, kwa sababu wasifu niliuandika mimi. Aliniomba mwenyewe kabla hajazidiwa: "Mwalimu, wewe una Kiswahili cha vitabu. Niandikie, lakini usinipambe."

Asubuhi ya mazishi kifungua mimba wake, Mabula, alinivuta pembeni. "Shikamoo, Mwalimu. Ile sehemu ya Kichina tumeitoa. Watu wa kanisani watasema mama alikuwa na mizimu."

Nikaitikia marahaba, nikanyamaza. Kunyamaza huko kunanichoma, kwa hiyo nasema hapa, mbele ya wote.

Kwa wasiojua, taichi ni mchezo wa kale wa Kichina, wa kupigana hasa, ila hufanywa polepole kama mtu anayetembea majini. Mama Mabula aliupata kiwandani. Kulikuwa na fundi Mchina aliyesimama uani kabla ya shifti ya asubuhi, akizungusha mikono. Mama alidhani mtu ana kizunguzungu. Akaenda kumshika asianguke, akajikuta yeye ndiye amekaa chini.

Fundi alimwinua, akacheka, akamwonyesha tena. Hawakuwa na lugha ya pamoja.

Majina ya Kichina aliyakataa. Mkao mmoja aliuita Kupepeta Mpunga, mwingine Kurudisha Ndama. Alisema mwili hautii jina usiloweza kulitamka.

Niliwahi kumsomea ile hekaya ya mzee wa milimani aliyeutunga mchezo huu baada ya kumtazama nyoka akipigana na ndege. Akaguna. "Wao walimtazama tu. Kwetu Bujora nyoka tunacheza naye ngoma."

Kila asubuhi tulikuwa kwenye jiwe letu bapa, ufukweni Kirumba, wazee saba. Wachuuzi wakielekea soko la samaki la Mwaloni walitutania: "Bibi, hao nzi unaowafukuza mbona hatuwaoni?"

Alijibu bila kugeuka: "Ninyi mmebeba dagaa, mimi nimebeba hewa. Tuone nani atatua mzigo kwanza."

Baada ya mazoezi nilisoma gazeti kwa sauti, na hapo ndipo tulipogombana.

Nilitoka Burundi kijana wa miaka ishirini na miwili, na kamusi moja mkononi. Nimezeekea hapa. Mtu akinisifia falsafa ya kulegea, ile ya taichi aliyoihubiri yeye, damu inanichemka. Nikamwambia, "Historia haiwahurumii waliolegea, Mama Mabula. Mimi nililegea, angalia niliko."

"Nisukume," akasema.

Nikamsukuma kwa nguvu zangu zote. Aliipokea mikono yangu, akageuza kiuno, nikapita kama mtu aliyeegemea mlango usiofungwa. Yeye hakusogeza hata kidole cha mguu.

"Umeona? Kulegea si kuondoka. Mikono inapokea, miguu inabaki."

"Miguu yangu mimi iliondoka."

Akaionyesha kwa kidole. "Na hii uliyosimamia hapa ni ya nani?"

Tangu siku hiyo hata habari za dunia nazisoma kwa jicho lake. Wakubwa wakigombania nani atujengee reli na nani tumuunge mkono kwenye mikutano yao, wengi wetu hutazama mikono. Yeye alitaka tutazame miguu: nani bado amesimama pake.

Mwaka jana kiharusi kilichukua mkono wake wa kushoto. Baada ya miezi michache alirudi jiweni na fimbo, akapepeta mpunga kwa mkono mmoja. Sisi wazima tukaona aibu, kila mtu akauficha wake wa kushoto mgongoni.

"Acheni ujinga," akasema. "Tumieni yote miwili. Huo mmoja uwe wangu."

Hiyo ndiyo mizimu? Alikuwa kanisani kila Jumapili na jiweni kila siku, na hakuwahi kuona ugomvi kati ya sehemu hizo mbili.

Mabula mwanangu, sikusemi kwa ubaya. Ulikuwa unamlinda mama yako. Lakini huyu hakuhitaji kulindwa dhidi ya maneno ya watu. Alikuwa na kiuno cha kuyapitishia.

Alhamisi niliyapokea maneno yako, na miguu yangu ikaondoka tena. Leo imerudi.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi tuko jiweni, sita. Nafasi yake ya mbele hatutaiziba. Mwenye kutaka kutuita wachawi aje atuite pale pale. Jua litakuwa linatoka, atatuona vizuri. Na wewe Mabula, njoo.

Mama Mabula, tangu Jumanne ulipotutoka watu wanakuandikia lala salama. Kulala hukukupenda hata ukiwa mgonjwa.

Simama salama, mama. Mkono wako wa kushoto ninao mimi.