Kura ya Maharage na Mahindi

Jua linachomoza, na Alal ameshapiga magoti kwenye korido ya chuo kimoja huko Kyambogo. Anasugua sakafu kwa maji matupu, maana sabuni imeadimika. Ni mwaka 1977, nchi iko mikononi mwa wanajeshi, na mshahara wake wa mwezi haununui mfuko wa sukari ya magendo.

Akifika mlango wa darasa la historia, anapunguza kasi makusudi. Ndani, Mwalimu Faustino anasimulia jinsi Wafaransa walivyomng'oa mfalme wao, na habari za wale waliothubutu kuandika kwamba mtawala hupewa madaraka na anaowatawala. Sura ngeni ikichungulia, mwalimu anarukia kilimo cha ngano.

"Mimi nilishtuka, nyabo," Alal anamwambia mwandishi, mama aliyekuja kumhoji. "Kumbe hata mfalme naulizwa: nani alikupa hii kiti?"

Swali hilo alikwenda nalo hadi nyumbani, upande wa Ntinda, ambako wake wa askari na majirani zao wanategemea bomba moja. Bomba lina kufuli, na ufunguo anao Zubaida, mke wa sajenti. Hakuna aliyemchagua. Ukimuudhi, unateremka bondeni kuchota maji machafu. Kitinda mimba wa Alal aliyanywa, akaharisha nusura afe.

"Hapo roho ilikataa," anasema.

Alal akaomba wachague mshika ufunguo. Zubaida alicheka, akakubali. Mshindani wake akawa Kavugho, muuza vitenge aliyekimbia kutoka Zaire. Wakaambiwa kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka, sajenti akiwa palepale na fimbo yake.

"Wote walienda kwa Zubaida," Alal anaangua kicheko. "Banange, mpaka Kavugho mwenyewe!"

"Mimi mgeni," Kavugho anajitetea. "Ile fimbo ilikuwa naangalia mimi tu!"

Mwingine angekata tamaa. Alal alimvizia Mwalimu Faustino akitoka darasani, akamuuliza hao Wafaransa wanachaguaje bila kuogopa. Mwalimu aliangalia huku na huku, akanong'ona: wanachagua bila kuonekana.

Basi Jumapili moja mchana, Alal akaweka vyungu viwili jikoni kwake, akavifunika kitambaa. Kila mwanamke alipewa punje ya haragwe, kura ya Zubaida, na punje ya hindi, kura ya Kavugho. Aliingia peke yake, akatia aliyoichagua katika chungu cha kura, nyingine katika chungu cha pili, asitoke na ushahidi mkononi. Zubaida hakupinga. Alijua atashinda tena.

Chungu cha kura kilipomwagwa kwenye ungo, mahindi yalitapakaa. Maharage yalikuwa ya kuokoteza.

Wanawake walimtazama Zubaida, wengine wameshashika madebe yao tayari kukimbia. Yeye aliinama, akayaokota maharage yale, akayafumbata kiganjani.

"Hawa hawakuniogopa," alisema, machozi yakimlengalenga. "Hawa wananipenda kweli." Akauvua ufunguo shingoni, akampa Kavugho kwa mwaka mmoja, kama walivyopatana.

Kisha Alal akachanganya vyungu vyote, akaongeza maharage na mahindi mengine, akabandika jikoni. Sajenti alipopita kuuliza mkutano ule wa nini, aliwakuta wakila kura zao, akakaribishwa sahani.

Siku hizi Zubaida anawahi bombani kuwatwisha wazee madebe yao na kuwajulia hali watoto. Alal anamtazama, anatabasamu. "Ameanza kampeni, huyo! Ile ufunguo natafuta. Hata mimi mwaka kesho naweza kumpa haragwe yangu."

Na nchi nzima je? Alal anauangalia mlango kwanza, kisha anasogea karibu.

"Itafika siku," anasema taratibu. "Na huyo mkubwa naye tutamtafutia chungu."