Mama mkwe anatwanga juu ya ufa ninaouziba

Admin, jina langu lifiche, na tafadhali usiweke picha yoyote ya nyumba ya zege. Huku Ziwani nyumba zenye paa la zege zinahesabika, watu watanijua kabla hawajamaliza kusoma.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, nina mke na watoto watatu. Kazi yangu ni kuziba nyufa za zege ili maji yasipite: matangi, mapaa, kuta za misingi. Nimeziba Mtwara mjini, nimeziba mpaka Madimba, na sijawahi kuitwa tena kwa ufa uleule. Isipokuwa nyumbani kwangu. Kwangu panavuja, ndugu zangu. Vijana wa kijiweni wakiniona na ndoo yangu ya dawa ya kuzibia wananiuliza, "Fundi, leo kwa nani? Kwako umeshamaliza?" Nacheka nao, lakini roho inaniuma.

Kwetu ni Newala, huku nimeoa, na kwa mila zetu mwanaume ndiye anayehamia kwa mke. Nikajenga kwenye kiwanja cha mama mkwe, kwa mikono yangu mwenyewe, paa bapa la zege na ngazi ya nje, nikiota siku moja nitapandisha ghorofa. Zege lilipokauka tu, mama mkwe akapandisha kinu chake juu. Makopa ya muhogo anayaanika huko, na kuyatwanga anayatwanga hukohuko, katikati kabisa ya paa. Mwanzoni nilifurahi, nikasema angalau mbuzi hawatamsumbua.

Ufa ukatokea palepale kinu kinapokaa. Nikaufanyia kama ninavyowafanyia watu: nikaupanua kwa tindo, nikasugua vumbi kwa brashi ya waya, nikajaza dawa, nikapaka na ya kuzuia maji juu yake. Ile dawa inataka utulivu ikauke. Kesho yake asubuhi nasikia du, du, du. Kila nikiziba, anatwanga. Kwa hiyo msije mkaniambia usipoziba ufa utajenga ukuta, mimi huu nimeuziba mpaka nimechoka kuutazama.

Mtasema nimwambie. Kwetu mama mkwe hasemeshwi ovyo, tukikutana njiani nainamisha macho nampisha. Nikajaribu kutandika gunia chini ya kinu apunguze kishindo. Akalitoa, akalifua, akampa mke wangu: "Mpe mwenzio, kasahau gunia lake." Nikaenda kwa mjomba wa mke wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nkwe, wewe hapa ulikuja na begi. Leo unankataza dada yangu kutwanga kwake?" Nikaaga. Ni kweli nilikuja na begi, na nikitoka nitatoka nalo. Nyumba inabaki, na watoto ni wa ukoo wa mama yao.

Juzi, watoto wakiwa shule, kipande cha zege kikadondoka chumbani kwao, juu ya mto wa yule mdogo. Nilipotazama juu, nondo zote zimeshika kutu. Nikamwita mke wangu, nikafoka, "Kamwambie mama yako ashushe kinu leo hii!"

Akalia. Akasema, "Baba Zuhura, hujui. Baba alipokufa, mama alikuwa anatwangia watu barabara nzima hii ili tupate kula. Walikuwa wanamcheka. Sasa anatwanga juu, wapite wamwone. Ukimwambia ashuke, atajua na wewe unamcheka."

Nikasema basi asogee pembeni, juu ya ukuta, pale zege linabeba. Akajibu kwamba pembeni mkorosho unaziba, barabarani hawatamwona.

Watoto tumewahamishia sebuleni. Mama mkwe alipouliza sababu, mke wangu akamwambia joto. Jana nikiwa uani nikamsikia mama mkwe anamjibu jirani aliyeshangaa alama za maji ukutani: "Nkwe wangu ndiye fundi wa mji huu wote. Nyumba yake haiwezi kumshinda." Nilikaa chini. Bora angenitukana.

Nimenaswa, jamani. Nikisema, namvua mama wa watu heshima pekee aliyoipata uzeeni, na huenda nikawapoteza wanangu. Nikinyamaza, iko siku atashuka na zege lake, na chini kutakuwa na mtu. Mvua zimeshaanza kudondoka. Nishaurini bila kunitukana: nimshushe mwenyewe, au nisubiri paa limshushe?