Mkata Kanda wa Tibirinzi

Juzi nimemwona yule mkata kanda wetu kwenye televisheni ya jirani, kakaa kitako anaitwa mwongozaji mkubwa wa filamu. Mtangazaji akamuuliza ule ufundi wa kuonyesha masufuria huku mwimbaji haonekani kaupata wapi. Akacheka. "Kwenye maharusi ya Pemba, bibi. Nikiwafuta wake za watu."

Mmoja wa hao waliofutwa ni mama yangu.

Wewe uliyekulia Tibirinzi zama zile unakumbuka. Asubuhi tunachambua karafuu barazani, vidole vinanukia mpaka mkate wa mofa unakuwa na ladha ya karafuu. Harusi ikipita, wanaume wanamiminika kwa mkata kanda na deki zake mbili za video. Kila mume anamwonyesha mkewe kwenye kanda: huyu mtoe, asije akatazamwa na wanaume wengine. Naye anatoa, anapachika sufuria la biriani pahala pake.

Harusi ya shangazi, mama aliimba akacheza mpaka jasho. Nakumbuka udi wa nguo zake. Uso siukumbuki, nilikuwa mdogo mno, na mwaka haukwisha uzazi ukamchukua. Picha yake nyengine haikuwepo.

Aliyekwenda kusema afutwe ni ami yangu, ndugu wa baba. Bibi mzaa mama aliyasikia kwa masikio yake: "Shemegi yangu usimwache hata kivuli. Katuaibisha." Baba alikuwepo, kanyamaza. Naye namtia humo humo kwenye lawama.

Kanda iliyobaki ninayo. Sauti ya mama inapanda, tamu, wanawake wanapiga vigelegele, na mie natazama upawa ukikoroga mchuzi.

Basi bwana mkubwa alipokuja Chake kupokewa kwa matarumbeta, nilimfuata. Nikamwambia, "Nataka ile kanda ya mwanzo, kabla hujakata."

"Aa, dada yangu! Kanda zilikuwa adimu. Tukishakata, tunarikodi juu yake."

"Juu ya mama yangu mlirikodi nini?"

Akafikiri. "Mpira, nadhani." Halafu akamwita kijana wake atupige picha pamoja, akaninyooshea mkono. Nikamwachia mkono wake hewani.

Sasa barazani pale hapachambuliwi karafuu, wasichana wanajipiga picha kutwa, wanazifuta wenyewe wasipozipenda. Bibi kafariki, na ndiye aliyekuwa akinieleza pua ya mama ilivyokuwa, macho yalivyokuwa. Mie hubaki kumtafuta mama kwenye kioo, na hata humo simpati. Kila anayenijua husema sura nimechukua kwa baba.