Udongo wa Nyigu Katika Mrija wa Ndege

Hiza alikuwa Mzigua wa Handeni, na vita vya Hitla vilimfundisha kazi ambayo amani ilimnyima. Miaka mitatu huko Nairobi alifungua na kufunga saa za ndege za jeshi: ile inayosema ndege iko juu kiasi gani, na ile inayosema inakwenda mbio kiasi gani. Akapewa cheti chenye mhuri. Aliporudi, shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, lililokuwa na ndege yake ndogo, lilimwajiri kwa furaha kubwa, likampa ufagio. Afagie banda, afukuze mbuzi kiwanjani, na asiguse saa hata moja, maana saa ni kazi ya Wazungu. Mtu mwenye mke na mtoto hufagia.

Saa ya mwendo haina maajabu. Chini ya bawa umetokeza mrija mwembamba unaotazama mbele. Upepo ukiingia kwa nguvu, mshale unapanda. Mrija ukiziba, mshale hauna la kusema, na rubani hajui kama anakwenda mbio au yuko karibu kuporomoka kama gunia. Ndiyo maana ndege ikilala mrija huvishwa kifuniko cha turubai. Kifuniko cha ndege hii rubani alikipoteza mwenyewe, wala hakujisumbua kushonesha kingine.

Jumamosi moja ya mwaka 1949, asubuhi, Hiza alimwona nyigu, yule mweusi mwenye kiuno chembamba anayejenga kwa udongo darini, akitoka ndani ya mrija. Rubani alitaka kuruka saa nne. Hiza akamfuata barazani, akamkuta anakunywa chai.

"Bwana, nyigu ameziba mrija wa saa ya mwendo."

"Wewe fagia," rubani alijibu bila kugeuza shingo.

Akarudi bandani, lakini moyo ulimkatalia. Akachukua waya, akauvuta ule udongo taratibu kama alivyofundishwa, ukatoka mzima: kipande kikavu cha mviringo, kimelingana na tundu la mrija sawasawa, ndani yake buibui wawili ambao nyigu aliwaweka akiba kwa mtoto wake. Alipoinua macho, rubani alikuwa amesimama mlangoni.

Asante ya punda ni mateke. Rubani alipiga kelele kwamba mfagiaji ameharibu chombo, na hakutaka hata kuutazama huo udongo, kwa sababu kuutazama kungemkumbusha kifuniko. Wakafika kwa meneja. Meneja alisema Jumatatu fundi atakuja kutoka Tanga. Siku hiyo Hiza alete udongo wake na cheti chake. Vikiwa vya kweli, atapewa kazi ya saa. Visipokuwa vya kweli, atafute kwa kwenda.

Hiza aliufunga ule udongo katika jani la mgomba, akauweka rafuni nyumbani. Mkewe Josefina alikuwa na mimba ya miezi saba, na Hiza hakumwambia kitu, asije akamtia hofu. Jumapili alfajiri akapanda lori kwenda Handeni kwa mama yake, kulikokuwa na cheti.

Alisahau jambo moja, naye ndiye aliyelianzisha. Mimba ya kwanza, ya Bernadina, Josefina alikuwa akila udongo, na mtamu kuliko wote kwake ulikuwa wa nyigu. Hiza ndiye aliyepanda darini kuubandua, akaufunga katika jani, akauweka juu ya rafu ileile bila kusema neno, maana mambo hayo mwanamume hayatangazi.

Jioni alirudi na cheti chake kifuani. Josefina alimpokea kwa uso mkunjufu.

"Baba Bernadina, Mungu akubariki. Nilidhani safari hii umenisahau."

Hiza alitazama rafu. "Ulikuwa mtamu?"

"Mtamu. Ila ulikuwa na buibui, nikawatupa."

Alikaa kitini, akamweleza yote. Josefina alilia, kisha akatoka, akarudi na tonge la udongo mbichi. "Nitakufinyangia mwingine, ukauke motoni. Nani atajua?"

"Mimi ni fundi wa saa," Hiza alisema. "Saa ikisema uongo, mtu anakufa. Utupe."

Jumatatu fundi wa Tanga alichungulia mrija, akasema ni safi kabisa, hauna dalili ya nyigu. Meneja alisoma cheti, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanyoosha mkono.

"Na udongo?"

"Mke wangu ameula, Bwana."

Rubani alicheka mpaka akafuta machozi. Meneja hakucheka. Alimtazama Hiza kama mtu aliyetaka kumsaidia akatukanwa mbele ya wageni, kisha akaandika kwenye kipande chake, ile kadi ya kazi ambayo kila mwajiri huisoma, kwamba ni mwongo, asiwekwe karibu na mashine.

Hiza alikuwa barabarani, kipande mkononi, ndege ilipopaa. Akasikiliza ngurumo kwa sikio lake la kifundi, na chuki ikampanda. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akamwomba Mungu ndege ianguke, watu waamini. Ndege ikakata kona juu ya mkonge, ikashika njia ya Tanga. Haikuanguka. Mrija alikuwa ameusafisha vizuri.