Mstari wa Chaki Kwenye Bawa la Kasuku

Mwanamke aliyenifundisha kushona ana kanuni mbili. Ya kwanza, mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine, hata kamba ya mzigo. Ya pili, ukishachora chaki, unakata. Huchori kitambaa cha mtu halafu ukakiacha mezani unakitazama. "Chaki ni ahadi," hutuambia. Sote tunamwita Fundi, hata mume wake, dereva wa lori anayeonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi.

Nimeshona naye chumba kimoja miaka kumi na tisa, cherehani yangu dirishani, yake mlangoni. Hajawahi kunipandishia sauti, hata siku nilipolitia koti la mwalimu mkuu mikono miwili ya kulia. Alicheka mpaka akakaa chini. Nayasema haya mapema, asije mtu akasema ni mwanamke mbaya.

Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Alipoolewa alikuwa na nywele za kufika mabegani. Mwezi wa pili wa ndoa akashikwa na homa kali. Wifi yake, dada mkubwa wa mume, ndiye aliyekuwa akiitawala nyumba ile. Akaingia chumbani na mkasi wa kushonea ambao Fundi alipewa na baba yake, akamkata nywele zote hajitambui, eti zinaanguka kwenye sufuria. Fundi alipozinduka akajishika kichwa, akalia.

"Acha kudeka," wifi akamwambia. "Nywele si mkono. Zitaota."

Alinisimulia mara moja tu, tunapiga pasi, na pasi yenyewe hakuisimamisha.

Mwaka jana yule wifi akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Hana mume, hana mtoto. Akaletwa kwa kaka yake, ndiyo kusema kwa Fundi, akalazwa chumba ambacho mlango wake unatazamana na meza yetu ya kukatia. Alikuja na begi moja na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye yeye humwita Mwanangu. Kasuku hakuwa na tundu. Akiitwa, "Mwanangu, njoo," anaruka kutoka juu ya pazia letu, anapita juu ya vichwa vyetu, anatua kwenye mto wa yule mama. Kwa mtu asiyeweza kunyanyuka kujimiminia maji, ndege huyo ndiye aliyekuwa mgeni wake kutwa nzima.

Fundi alimwogesha, akamlisha, akambadilishia mashuka. Sikumwona akinuna. Nikamshukuru Mungu, nikadhani yameisha.

Ubaya wa yule kasuku ni vifungo. Akiona kifungo hatulii. Tulikuwa tunafunika nguo kwa shuka, lakini Alhamisi moja tulisahau gauni la bibi harusi, la kuchukuliwa Jumamosi. Tulipoingia asubuhi tulikuta vifungo vyote ishirini na viwili vya mgongoni vimenyofolewa, vingine vimebanjwa kama karanga. Mwenyewe amekaa juu ya cherehani yangu, kimoja mdomoni, anatutazama kama sisi ndio tumechelewa kazini.

"Huyu anakatwa mabawa leo," Fundi akasema.

"Nani anakatwa?" sauti ikatoka chumbani.

"Mwanao, wifi."

"Wifi yangu, usinifanyie hivyo! Mfunge kamba mguuni. Akikatwa hataweza kunifikia huku."

"Hataumia, ni kama kukata kucha." Fundi akasogea mpaka mlangoni, ili waonane vizuri. "Na manyoya si mkono. Yataota."

Macho ya yule mama yakapanda mpaka kwenye nywele za Fundi. Nikajua amekumbuka. Fundi naye akajua, akatabasamu, na tabasamu lile sikuwa nimewahi kuliona.

"Fundi," nikamwambia taratibu, "mwachie Mungu."

"Mungu nimemwachia miaka thelathini na moja. Amemleta mpaka kitandani kwangu. Ulitaka afanye nini tena?"

Akaniambia nimshike ndege, nikamshika kwa taulo, Mungu anisamehe. Moyo wake ulikuwa unapiga viganjani mwangu. Fundi akalitandaza bawa juu ya meza, akalilainisha kwa kiganja kama hariri ya mteja, akachukua chaki. Akachora mstari mmoja kwenye manyoya marefu, umenyooka sawasawa. Kisha akashika mkasi, ule ule wa baba yake, akaufungua.

Yule mama alikuwa amejiinua kwa kiwiko, jasho linamtoka.

"Nisamehe, wifi. Zilikuwa nywele nzuri. Nilizionea wivu."

Fundi akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaufunga mkasi.

"Ashukuriwe Mungu," nikasema.

"Usishukuru bado. Mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine." Akautundika kwenye msumari unaoonekana kutoka kitandani. "Nitatafuta mkasi mwingine. Nikiupata, nitakata. Si nimeshachora?"

"Lini?" yule mama akauliza.

"Nikiupata."

Mikasi mingine mitatu ilikuwa kwenye droo ya cherehani yake. Najua kwa sababu mimi ndiye ninayeinoa.

Tukakaa kuvifunika vifungo vipya kwa kitambaa cha gauni, na bibi harusi hakujua lolote. Kasuku akajisafisha kwa mdomo, baada ya siku tatu nne chaki ikatoka. Jumatatu Fundi akaniita, "Nishikie," akachora tena. Ikawa ndiyo kazi yetu ya kila Jumatatu. Droo ikilia tu, yule mama anamwingiza ndege chini ya shuka, anamkumbatia. Na siku hizi Fundi anaifungua hata asipokuwa na haja nayo. Uji anampelekea wa moto, mto anamgeuzia, na huwezi kumsikia akimtolea neno baya.

Siku moja yule mama akanishika mkono. "Mama, mwambie akate tu. Akate yaishe."

Nikaufikisha ujumbe. Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

"Nywele zangu zilichukua miaka mitatu kufika mabegani," akasema. Akaukata uzi kwa meno. "Huu ni mwezi wa saba."

Ijumaa iliyopita chaki iliisha, akaniagiza nikanunue. Muuzaji akaniuliza nataka rangi gani. Nilisimama pale mpaka aliyekuwa nyuma yangu akakohoa. Ningeweza kusema hakuna, duka limeishiwa, na Fundi asingeniuliza. Nikayafikiria yale macho yanayotazama droo. Nikazifikiria na zile nywele sakafuni, mtoto wa watu amelala na homa.

"Nyeupe," nikamwambia. "Ndiyo inayoonekana vizuri kwenye kijivu."

Nikazitia mkobani, pamoja na kitabu changu cha sala.