Damu ya Mlinzi wa Kisiwa

Ocante, mwendesha mtumbwi, humtambua mlinzi wa kisiwa kwa miguu yake mitupu. Visiwa vya Bijagó vilipofanywa hifadhi, serikali ilimpa buti. Naye kila wanapokaribia kisiwa cha mizimu huzivua, akazilaza mtumbwini taratibu kama watoto waliosinzia, akashuka pekupeku na kuimwagia mizimu pombe ya mchikichi mchangani.

“Utazikwa nazo zikiwa mpya, mkubwa,” Ocante humtania.

“Buti hazikualikwa huku.”

Asubuhi moja walimkuta mwizi, kijana wa visiwa hivihivi, akimpindua kasa. Mlinzi alimkamata, katika purukushani panga la kijana likampasua kiganja. Bunduki ilikuwa begani, hakuigusa. Aliukumbatia mkono tumboni, shati likaloa, akakimbilia majini, maana damu ya mtu haimwagwi kisiwani pale. Ocante alidhani mwizi atatoroka. Kumbe kijana naye alitupa panga, akamwacha kasa chali, akaingia majini mbio, akavua shati lake na kumfunga mlinzi jeraha.

“Kaka,” kijana aliuliza, “kuna tone lililoanguka?”

Wote watatu waligeuka, wakautazama mchanga.